Supachaja Tuliyoishusha Ziwani

Ndugu zangu mliobaki karakanani,

Kabla sijakabidhi funguo mliniomba niandike yale ambayo hayamo katika vitabu vya watengenezaji. Nimechelewa, kwa sababu kila sentensi niliyoianza niliipima, nikaitilia shaka, kisha nikaifuta. Tabia hiyo mnaijua. Mmeisubiri mara nyingi mkiwa mmeshika spana mikononi. Vyeo vyangu sitavieleza, kwa kuwa havikuwahi kuwasha injini yoyote. Nitaeleza nilivyofundishwa kusikiliza, kisha nieleze siku moja ya Mbamba Bay ambayo mpaka leo, nikiwa nimekaa barazani kwangu Mjimwema bila kazi ya kwenda kufanya, hainiachi nimalize kikombe cha chai.

Nilifika Songea asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba. Sweta niliyodhani nisingeihitaji ilikuwa chini kabisa ya begi, na shahada yangu ya uzamili ilikuwa juu kabisa. Fundi mkuu wa injini wakati huo alikuwa Mzee Ngonyani, mtu wa Mshangano, mrefu na mkimya, ambaye kila siku alipitia shambani kwanza na kuingia karakanani akiwa na udongo kwenye viatu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Wewe ndiye Mastaz?”

“Ndiyo, nina shahada ya uzamili ya—”

“Sikukuuliza unayo nini. Hilo ni jina tulilokupa jana, ulipokuwa bado ndani ya basi. Njoo usikilize.”

Alinipa bisibisi ndefu yenye mpini wa mti, akaweka ncha yake juu ya injini ya lori iliyokuwa ikiunguruma, akanielekeza niubane mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio. Akaniuliza nasikia nini. Nikamjibu kwamba nasikia kelele.

“Kelele hata yule muuza maandazi wa nje anaisikia. Sogeza ncha. Sikiliza tena.”

Kufikia mchana niliweza kutofautisha valvu iliyolegea na beringi iliyochoka. Hakunisifu. Alisema tu kwamba kesho nije na viatu vya maana.

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa rangi nyekundu. Wengi wenu mliikuta, hamkuiona ikizaliwa. Zamani kila injini tuliyoipeleka ziwani ilirudi imeharibiwa na mikono mingi: nahodha kaikaza kabureta, shemeji yake kaisogeza taimingi ya cheche, na mtu mwingine ambaye hakuna aliyemjua kazibua mahali ambapo hapakuwa pameziba. Mzee Ngonyani akaweka utaratibu. Injini inapimwa uwanjani kwetu, juu ya kitanda cha saruji, ikiwa na mzigo na bomba la maji ya kuipoza. Ikimridhisha, anachovya brashi kwenye kopo na kuweka doa jekundu juu ya kila nati ya marekebisho. Kuanzia hapo hakuna anayeigusa mpaka irudi Songea. Nahodha aliyekwangua rangi ile alikuja kujieleza kama aliyevunja mlango wa kanisa.

Utaratibu huo ulikuwa mzuri, na nasisitiza hivyo kwa sababu mkisoma yatakayofuata mnaweza kumdharau aliyeuweka. Kwa miaka mingi uliokoa injini, na naamini uliokoa watu. Niliutetea mimi mwenyewe mbele ya wakaguzi waliotaka kila doa jekundu liwe na fomu yake.

Katikati zilipita kazi nyingi ngumu. Ipo pampu ya maji iliyokuwa ikizimika kila alasiri, ambayo niliiandikia kurasa kadhaa za nadharia kabla fundi mwenzetu Rashidi hajafungua chujio la hewa na kukutana na nyuki. Ipo jenereta ya shule iliyokunywa oili kama iliyolaaniwa, na ilikuwa imefungwa ringi za pistoni juu chini. Nazitaja ili mjue kwamba kufikiri sana hakukunisaidia kila mara.

Kisha akaja Kapinga.

Kapinga alikuwa nahodha wa boti ya wagonjwa ya hospitali moja ya mwambao wa Ziwa Nyasa. Vijiji alivyovihudumia vimekaa kati ya mlima na maji, na masika yakikata barabara hubaki na njia moja tu, ziwa. Boti yake ya zamani ilikuwa na injini ndogo. Ikiwa tupu ilikwenda vizuri. Ikipakia mgonjwa, ndugu zake, muuguzi na mtungi wa oksijeni, ilishindwa kunyanyuka juu ya maji; pua ilikwenda juu, tumbo likalala chini, ikawa inalisukuma ziwa badala ya kupita juu yake. Alinisimulia ofisini kwangu, akiwa amesimama, kwa sababu alikataa kiti.

“Alikuwa mama wa watu, Mama Injinia. Alifia mapajani kwa muuguzi wangu, Sista Agata. Mimi nimeshika usukani, injini inapiga kelele, taa za hospitali naziona, wala hazisogei. Sitampakia mtu mwingine kwenye boti isiyonyanyuka. Mwambieni yeyote mnayemwambia huko juu, mimi nimesema.”

Alipomaliza kusema alikaa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi: kumpa Kapinga boti itakayonyanyuka ikiwa imepakia.

Wafadhili walileta boti mpya, na pamoja nayo injini ya petroli ya silinda nane iliyotolewa kwenye boti ya mashindano. Ilikuwa na nguvu za ajabu katika karatasi, ila supachaja yake ilifika imevunjika. Kwa asiyeijua, supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe. Huilisha injini hewa nyingi kuliko ambayo ingeivuta kwa pumzi zake, na hewa ikizidi mafuta nayo huongezwa, nguvu ikapanda. Wafadhili wakatuandikia tuchague nyingine miongoni mwa aina tatu.

Nilikaa na uchaguzi ule muda mrefu kuliko ilivyostahili, lakini hoja zake bado nazikubali. Ya kwanza ilikuwa aina ya feni, yenye umbo la konokono. Ni nyepesi na haiichemshi sana hewa, lakini nguvu yake huja injini ikishachanganya mwendo. Boti ya mashindano, isiyobeba chochote isipokuwa mtu mmoja asiye na akili timamu, huipenda. Ya pili ilikuwa ya skrubu mbili zinazoumana, bora kuliko zote kwa vipimo. Ila ikichoka haifunguliki hapa kwetu, lazima isafirishwe ng’ambo, na mgonjwa hawezi kungoja ndege ya mizigo. Ya tatu ilikuwa ya rota, vipande viwili vizito vinavyopishana ndani ya sanduku na kuisukuma hewa kwa mafungu. Inaichemsha hewa na inakula sehemu ya nguvu inayoizalisha. Lakini inatoa hewa tangu injini ikiwa katika mwendo wa chini, pale hasa ambapo boti iliyopakia inajaribu kunyanyuka. Na beringi zake tungeweza kuzibadilisha wenyewe, hapa karakanani kwetu Msamala.

Tulichagua ya rota, tukaifungia kipoza hewa kinachotumia maji ya ziwa. Mpaka hapo sisi sote tulikuwa na kauli moja. Tulitofautiana kuhusu puli, gurudumu la kupitishia mkanda.

Puli ya supachaja ikiwa ndogo, supachaja huzunguka upesi na kusukuma hewa zaidi. Ikiwa kubwa, hupunguza. Mzee Ngonyani alikwisha kustaafu, ila kwa kazi kubwa tulimfuata Mshangano, naye alikuja na viatu vyake vya udongo. Masikio yake yalikuwa yameshachoka na injini za maisha yote. Tulimsemesha kwa sauti ya juu, kama wahubiri. Tukafunga puli ndogo, tukaweka jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopitisha petroli, kwa kipimo cha pale uwanjani, na injini ikaunguruma mpaka bati za paa zikaitikia. Mzee akachukua kopo la rangi.

“Mzee, ngoja kidogo,” nilisema. “Songea tuko juu. Ziwa liko chini sana, na hewa ya kule ni nzito. Kipimo kinachotosha hapa, kule kitazidi. Na hizi jeti, kule zitaleta mafuta kidogo kuliko hewa.”

“Nimeshusha injini ziwani tangu hujajua kushika spana. Hakuna iliyorudi ikilalamikia hewa.”

“Zile zilivuta hewa zenyewe, mzee. Hii inalishwa kwa nguvu. Kosa dogo linazidishwa.”

“Hesabu yako inasemaje?”

“Inasema inaweza kugonga.”

“Inaweza, au itagonga?”

Nilifikiri. Sikuijua petroli watakayoitumia, wala joto la siku yenyewe. “Inaweza,” nikamjibu.

“Basi.” Akaweka madoa yake, moja baada ya jingine. Kisha akaniangalia. “Beba puli yako kubwa na jeti zako. Gari si langu.”

Nilizibeba. Kugonga, kwa wale walio wapya, ni petroli kujilipua ndani ya silinda kabla ya wakati wake kwa sababu ya mgandamizo na joto. Injini inayogonga kwa nguvu nyingi hutoboa pistoni zake, na inafanya hivyo mahali ilipo, hata pakiwa mbali na nchi kavu.

Tulishuka Mbamba Bay kupitia Mbinga, mimi, Mzee Ngonyani, Rashidi na injini. Kila tulipoteremka masikio yangu yaliziba na kuzibuka, nami niliyahesabu hayo kama ushahidi. Rashidi, mtu wa Tunduru asiyeweza kukaa kimya, aliniuliza kama hewa imeshakuwa nzito kiasi cha kuuzwa kwa kilo.

Boti ilijaribiwa asubuhi, viroba vya mchanga vikiwa vimepangwa mahali pa wagonjwa. Nilikaa nyuma, karibu na injini. Kapinga aliongeza mafuta, pua ikapanda, nami nikashika ubao nikitazamia ile hali aliyonisimulia. Haikutokea. Boti ilijinyanyua ikalala juu ya maji, ikaanza kuteleza. Kapinga aligeuka akanitazama, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesamehewa.

Hapo ndipo nilipousikia. Chini ya mngurumo wote kulikuwa na mlio mdogo, mkavu, kama wa mtu anayetikisa kokoto ndani ya kopo la bati.

Tuliporudi gatini Sista Agata, muuguzi wa boti, alikuwa akitusubiri na simu mkononi. Katika kijiji kimoja cha kaskazini kulikuwa na mama ambaye uchungu ulimshika tangu jana na mtoto hatoki. Barabara ilikuwa imekatika. Boti ya zamani ilikuwa mchangani, tumbo limefunguliwa kwa matengenezo.

“Tushusheni viroba,” alisema Kapinga. “Ninakwenda.”

“Bado,” nilimwambia. “Inagonga.”

“Mama Injinia, umeiona mwenyewe. Imenyanyuka.”

“Imenyanyuka na inagonga. Ukiiendesha hivi mpaka kule na kurudi, inaweza kukufia katikati ya maji, na mgonjwa yuko ndani.”

“Inaweza.” Alilitamka neno hilo bila hasira. “Na yule mama anaweza kufa akinisubiri. Tunabishania inaweza mbili. Mwanamke mmoja amekwisha kunifia. Unataka awe wa pili?”

Nilimgeukia Mzee Ngonyani. Alikuwa ameusoma ubishi wetu midomoni.

“Alama ipo?” aliuliza.

“Ipo, mzee.”

“Basi injini iko kama nilivyoiacha.”

“Iko kama ulivyoiacha Songea. Tafadhali isikilize hapa.”

Tuliifunga boti kwenye nguzo ya gati kwa kamba nene, Kapinga akaongeza mafuta ili injini isukume bila kwenda. Mzee akaweka ncha ya bisibisi juu ya silinda, mpini nyuma ya sikio. Alisubiri. Akahamia sikio la pili. Akatikisa kichwa.

“Sisikii kitu.”

Kila mtu pale alijua kwamba kutosikia kwake hakukuwa habari za injini. Naye alijua. Akaufuta mpini wa bisibisi kwenye shati, akauuma kwa meno ili mtikisiko umfikie kwa mifupa ya taya, na kurudisha ncha juu ya chuma. Akafumba macho.

Niliona mashavu yake yakishtuka. Akaihamisha ncha kwenye silinda ya pili, ya tatu, ya nne.

“Zima,” alisema.

Rashidi alitangulia na spana. Mzee akamzuia kwa mkono.

“Mimi ndiye niliyeipaka.” Akatoa kisu kidogo cha mfukoni, akapiga goti, akaanza kulikwangua doa la kwanza.

Rashidi alipendekeza tuirudishe nyuma taimingi tu, twende. Nilikubali kwamba ingepunguza mlio; sikukubali kwamba ingetosha. Tukafungua mkanda, tukatoa puli ndogo, tukafunga kubwa, tukabadilisha jeti. Kapinga alikuwa akitembea ndani ya maji mpaka magotini, akienda na kurudi.

“Kabla chai haijapoa tumemaliza,” Rashidi alimwambia.

“Rashidi, chai yako siijui. Mama yule namjua.”

Nati moja ilikataa. Sitawaficha: ilikataa kwa muda ambao mpaka leo sijui niuite mrefu au mfupi. Mzee akaichukua spana kwangu, akaigonga mara moja kwa nyundo, nati ikaachia. Niliposikiliza tena, zile kokoto hazikuwamo. Boti ilinyanyuka taratibu kuliko asubuhi, lakini ilinyanyuka, na tukaitazama mpaka ikawa nukta.

Walirudi alasiri. Mama alikuwa hai, amelala ubavu, Sista Agata ameshika chupa ya dripu juu. Karibu na miguu yake kulikuwa na kitenge kilichofungwa vizuri, kidogo. Wanaume waliokuwa gatini wakavua kofia.

Jioni ile nilimfuata Sista wodini. Nikamuuliza kama ule muda wa puli ndio uliomchukua mtoto.

“Mtoto alikwisha kuondoka kabla hata simu haijapigwa,” alinijibu. “Nilipompima mama nilijua.”

“Unaniambia ukweli, Sista, au unanihurumia?”

“Nakwambia nilichokikuta, dada. Nenda ukale.”

Sikula. Mwisho wa masika injini ilipopanda Songea kwa matengenezo ya kwanza, niliifungua mwenyewe, na hapakuwa na mtu niliyemruhusu kunisaidia. Juu ya pistoni mbili kulikuwa na vidoa vilivyochimbika, kama makovu ya tetekuwanga. Ni kazi ya asubuhi ile moja, kwenye puli ndogo. Kwa hiyo swali la kwanza, kama injini ile ingekwenda na kurudi, lilipata jibu: isingefika mbali. Kapinga na Sista Agata na yule mama wangekuwa katikati ya ziwa bila injini. Swali la pili, la mtoto, nimeligeuza kila upande kama nilivyofundishwa kugeuza kitu kibovu, na sijaona mahali pa kulifungulia. Sista alinipa jibu. Ninalo. Bado ninalisikiliza.

Mzee Ngonyani hakulizungumzia tena. Siku tuliyorudi kutoka ziwani alipita karakanani, akachukua kopo lake la rangi na brashi, akavifunga kwenye gazeti na kunikabidhi. “Hivi vikae gatini,” alisema. “Rangi ipakwe kule kule injini inakofanyia kazi.” Tulimzika Mshangano mwaka uliofuata, kukiwa na mvua, na Kapinga alipanda kutoka ziwani akiwa amevaa suti isiyomtosha. Tangu hapo, kama mjuavyo, tunapima mara mbili: uwanjani bila rangi, gatini kwa rangi. Wengine wenu mmenung’unika kwamba ni safari ya bure. Sasa mnajua ilikotoka.

Safari yangu ya mwisho ya kikazi ilikuwa hiyo hiyo ya ziwani, kuirudisha supachaja baada ya kubadilishiwa beringi. Siku hizi Sista Agata hangoji uchungu. Mama aliyewahi kupata shida hufuatwa mapema, akakae karibu na hospitali mpaka siku zake zitimie. Kapinga alikuwa amekwisha kumfuata mmoja kwa mtumbwi wa kukodi, naye alipaswa kuvushwa na boti yetu sehemu ya safari iliyobaki. Alikuwa amekaa ndani tayari, amejifunika kanga, tumbo kubwa, kikapu miguuni. Nilimtambua kuwa ni yule mama wa siku ile, kwa jinsi alivyoegemea ubao kwa ubavu. Yeye hakunitambua, na hapakuwa na sababu ya kunitambua.

Boti ilikuwa imefungwa kwenye nguzo, injini inasukuma. Sikio langu la kulia limeanza kunisaliti, kwa hiyo niliufuta mpini wa ile bisibisi kwenye nguo yangu nikauuma.

“Nahodha, tunangoja nini?” yule mama aliuliza.

“Tulia, mama,” Kapinga alimjibu. “Wanaisikiliza kwanza.”

Nilipita silinda zote nane, kisha nikazirudia, maana ndivyo nilivyo. Kapinga hakuniharakisha. Nikachovya brashi, nikaweka madoa, nikashuka gatini, nikaifungua kamba mwenyewe.

Bisibisi nimewaachia karakanani, kwenye msumari wake karibu na dirisha. Mpini wake una alama za meno ya watu wawili.